Je, Wajua? Dodoma ya Mashairi, Buibui na Mvua

Injili kwa mizani nane
Mgogo wa Ihumwa, nje kidogo ya mji wa Dodoma, aliusimulia wasifu wa Yesu kwa utenzi! Mathias Mnyampala (1917–1969) alizaliwa mbali kabisa na Lamu na Pate, ambako washairi Waislamu walikuwa wakitunga tendi za Mtume na vita vyake kwa karne kadhaa. Nakala ya Utendi wa Tambuka, mmojawapo wa tendi hizo, ni ya mwaka 1728. Mkatoliki huyu aliichukua bahari hiyohiyo, beti za mishororo minne yenye mizani nane nane, akatuachia *Utenzi wa Enjili Takatifu*. Hakutosheka, akaongeza *Utenzi wa Zaburi*. Asiyeona ugumu wake aandike barua ya kuomba likizo kwa mizani nane, vina vikilingana, kisha ampelekee bosi. Kwangu mimi huo ndio ukarimu mkubwa wa Kiswahili: ala moja ya ibada, dini mbili.

Siasa nayo ikaimbwa
Mnyampala huyohuyo ndiye baba wa ngonjera, mashairi ya kujibizana. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, wanafunzi walipanda jukwaani kujibizana kwa beti, huyu akiuliza, yule akifundisha.

Buibui ndani ya bendi
Ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, hutobolewa matundu ubaoni, kisha matundu hayo huzibwa kwa utando wa buibui ili kila sauti itoke na mvumo wake. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki huo hadi lebo ya Real World, Uingereza. Wengi wetu tunaufagia utando huo kila Jumamosi.

Ngoma ya akina mama
Muheme ya Wagogo hupigwa na wanawake, ngoma ikiwa imebanwa mapajani. Asili yake ni unyago wa wasichana.

Michoro inayoombwa mvua
Kule Kondoa, miamba yenye michoro imetapakaa katika eneo la kilomita za mraba 2,336, kubwa kuliko kisiwa cha Unguja! Ajabu zaidi ni kwamba pale Mungomi wa Kolo, penye michoro hiyo, watu bado huenda kutambika, kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Wahifadhi huumia wakiona pombe ya kienyeji ikirashiwa ukutani, maana rangi hizo za kale hazipakwi upya. Lakini UNESCO ilipoiandikisha Kondoa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa matambiko hayohayo.