Rhodes, Jina Lililopita Ziwa Nyasa

Mtoto wa Ipyana akisikia jina lianzalo na Mwa-, kama Mwakyusa au Mwaipopo, hujua mara moja kuwa ni jina la ukoo, na wazee huweza kumtajia babu aliyelianzisha. Kwa Waingereza sivyo. Majina yao mengi ya ukoo yalitokana na kazi ya mtu au mahali alipokaa, hata watu wawili wenye jina moja huenda wasiwe ndugu kamwe. Jina la Rhodes ni la namna hiyo. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale, maana yake mahali palipofyekwa msituni.

Mwaka 1877 Herbert Rhodes alifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa kwa stima ndogo ya misheni iitwayo Ilala. Alifuatana na Elton, balozi mdogo wa Uingereza kule Msumbiji, aliyekuwa akichunguza biashara ya watumwa. Waliposhuka pwani walipanda milima, wakapita Usangu, wakafika Ugogo, na huko Elton akafa mwezi wa Desemba. Wenziwe wakaendelea mpaka pwani ya bahari. Herbert naye hakuishi sana. Mwaka 1879 aliungua kibandani mwake karibu na mto Shire.

Watu wachache wamkumbuka. Bali mdogo wake Cecil, aliyemfuata Natal mwaka 1870 kulima pamba, alitajirika kwa almasi za Kimberley. Kampuni yake ilipewa hati ya Malkia mwaka 1889, ikatwaa nchi za Washona na Wandebele kwa hila na kwa bunduki. Tangu mwaka 1895 nchi hizo zikaitwa Rhodesia, kana kwamba hazikuwa na wenyewe wala majina. Sehemu ya kaskazini ikawa Zambia mwaka 1964, na ya kusini ikawa Zimbabwe mwaka 1980. Ndipo jina hilo lilipotoka katika ramani.

Rhoades wa tatu huandikwa kwa herufi a zaidi, ingawa sikioni ni yule yule. Huyu alikuwa nahodha wa Guendolen, merikebu ya Waingereza ziwani. Tarehe 13 Agosti 1914 alifika Liuli, akaikuta stima ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu ili itengenezwe. Akaipiga kwa mzinga. Nahodha wake, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades siku za amani, akaingia katika mashua, akaja kwa hasira kumwuliza kama amelewa, kwa maana habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Rhoades akamweleza, akamchukua mateka.