Kwa Nini Mbingu Hubadilika Rangi Jua Likuchwapo

Sisi tukaao Bukoba na Muleba hulitazama jua likichomoza juu ya ziwa, na karibu na saa 1 jioni likizama upande wa Karagwe. Ndipo mbingu huwa ya manjano, kisha ya machungwa, mwisho nyekundu. Watoto huuliza sababu. Na tangu zamani, katika nchi nyingi, wamekuwako watu wadhanio kwamba wekundu mwingi ni dalili ya vita au tauni. Yawapasa wazazi na walimu wawe na jibu la kweli, maana hofu isiyojibiwa hukaa moyoni mwa mtoto.

Nuru ya jua yaonekana nyeupe, lakini ndani yake mna rangi zote za upinde wa mvua. Iingiapo hewani hukutana na chembe ndogo mno za hewa, nazo huitawanya. Wala rangi hazitawanywi sawasawa: buluu hutawanywa sana, nyekundu kidogo. Mwingereza Lord Rayleigh aliieleza kanuni hiyo kwa hesabu mwaka 1871. Adhuhuri buluu iliyotawanyika hutufikia kutoka kila upande, na mbingu huwa buluu. Jioni nuru huja kwa mshazari, ikapita katika hewa nyingi kuliko ya adhuhuri, zaidi ya mara 30. Buluu hupotea njiani, wekundu hufika. Basi wekundu ule si kitu kipya kilichotokea mbinguni. Ni baki la nuru ile ile ya mchana.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Atie maji katika bilauri, adondoshe matone machache ya maziwa, akoroge, kisha aimulike kwa tochi mahali penye giza. Atazamaye ubavuni ataona rangi ya kibuluu. Atazamaye tochi kupitia maji ataiona ya manjano au ya machungwa.

Vumbi na moshi huzidisha rangi. Mwezi wa Agosti 1883 mlima Krakatau, Indonesia, ulilipuka, na vumbi lake likazunguka dunia. Novemba mwaka huo, mjini Poughkeepsie, Marekani, wazima moto walitoka mbio wakidhani pana nyumba zinazoungua, kumbe ni jua lilikuwa likichwa.

Kwetu, wakati wa kiangazi, nyasi za rweya zichomwapo, jua hushuka jekundu na hafifu, kama kaa lililofunikwa na jivu. Moshi uo huo ndio tuuvutao: macho ya watoto huwasha, na kifua cha mwenye pumu hubana. Basi tuonapo jua la namna hiyo, tusiulize ni balaa gani lijalo; tuulize ni nani aliyewasha moto, na kama ni sisi, tuache. Tena tuwaonye watoto wasilikazie jua macho, hata likiwa limefifia, bali waitazame mbingu iliyo kandokando yake, maana huko ndiko kwenye rangi nyingi.