Mji Ukihama, Unahamia Wapi?

Kabla hapajapambazuka Alhamisi ya Mei 27, 2021, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma wahame mara moja. Jumamosi iliyotangulia volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka bila onyo. Iliua watu 30 na zaidi, na lava yake ikasimama Buhene, jirani kabisa na uwanja wa ndege. Tangu hapo ardhi haikutulia: matetemeko usiku na mchana, nyufa barabarani. Wataalamu walisema magma imeingia chini ya mji wenyewe na chini ya Ziwa Kivu. Watu wanaokadiriwa kufikia 400,000 wakaondoka.

Picha za siku ile zinaonyesha barabara ya Sake imefurika watu, magodoro vichwani, masufuria mikononi, pikipiki moja na familia nzima. Ukitaja mpango wa kuhamisha mji, wengi huwaza hicho tu: barabara ngapi, magari mangapi, nani atangulie. Mimi nikipewa mpango kama huo kuukagua, kurasa za usafiri nazisoma mwisho. Naanza na kule watu wanakofikia.

Sake ni mji mdogo, kama kilomita 25 magharibi mwa Goma. Tuseme wamefika watu 100,000 tu. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani kote, vinataka lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku. Hizo ni lita milioni moja na nusu, yaani safari 150 za boza la lita 10,000, kila siku ya Mungu. Choo kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo: vyoo 2,000. Na eneo hilo lina mwamba mwingi wa lava usioingilika kwa jembe. Somo hili lilipatikana kwa gharama kubwa mno Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma, mashimo ya vyoo yakashindikana kuchimbwa, na kipindupindu na kuhara vikaua makumi ya maelfu katika wiki chache.

Kwa hiyo maboza yakikosekana, hufanyika hivi: mhudumu husimama ufukweni na bomba la sindano lisilo na sindano, kila dumu linalochotwa ziwani analitia kipimo cha klorini, na mwenye dumu anaambiwa asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Ni kazi ya kuchosha na wala haipendezi kwenye picha. Lakini ikianza siku ya kwanza huokoa maisha ya watu wengi kuliko mahema. Klorini hiyo, mabomba hayo na wahudumu hao lazima viwe vimeshawekwa Sake miezi kabla ya mlima kunguruma.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni hawezi kulijua bila kuambiwa na wenyeji. Pembezoni mwa ziwa, kati ya Goma na Sake, yapo mabonde madogo ambako gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama, maana ni nzito kuliko hewa. Watu wa huko wanayaita mazuku. Mbuzi akishuka humo hapandi tena, na mtoto aliyelala chini huathirika kabla ya mtu mzima aliyesimama. Afisa anayetafuta uwanja tambarare wa kupanga mahema, wenye kivuli na usio na upepo, anaweza kuchagua hapo hapo.

Swali gumu kuliko yote ni nani abaki. Septemba 2005, kimbunga Rita kilipoelekea Texas, wiki chache tu baada ya Katrina kuizamisha New Orleans, watu wapatao milioni 2.5 waliukimbia ukanda wa Houston. Wengi wao hawakuwa wakiishi kwenye maeneo yaliyoamriwa kuhama. Waliziba barabara zilizohitajiwa na watu wa pwani, magari yakaishiwa mafuta kwenye joto kali, na basi lililobeba wazee likashika moto karibu na Dallas, wakafa 23. Katika vifo zaidi ya 100 vilivyohusishwa na Rita huko Texas, vingi vilitokana na safari yenyewe. Baadaye eneo hilo liligawa maeneo ya kuhama kwa namba za posta, ili kila mtu ajue mapema kama yumo au hayumo. Mwaka 2017, kimbunga Harvey kilipokuja, meya Sylvester Turner hakuamuru Houston ihame. Mji ukafurika vibaya na alilaumiwa sana. Mimi naona alikuwa na hoja.

Goma ina shida ya ziada: sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984. Anayepanga mabasi na vyoo anapangia watu asiojua idadi yao. Na kituo kinachoichunguza volkano kilikuwa kimeishiwa ufadhili mwaka 2020, kikakaa miezi bila intaneti ya kupokea taarifa za vipimo vyake.

Kurudi nako kunahitaji mpango wake. Mwaka 2002 lava ilipopita katikati ya Goma, maelfu walivuka kwenda Gisenyi, Rwanda, kisha wakarudi ndani ya siku chache wakikanyaga miamba ambayo bado ilikuwa ya moto, kwa kuogopa wizi na kuchoka kulala nje. Mwaka 2021 waziri mkuu Sama Lukonde alitangaza Juni 7 kwamba watu waanze kurejea, na wapo waliokuwa wamesharudi bila kungoja tangazo.

Sasa hata Sake yenyewe si ile. Mapigano yaliifikia mwaka 2024, na Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka, kisha Goma. Kabla ya hapo maelfu ya waliokimbia vita walikuwa wamepiga vibanda Kanyaruchinya, upande ule ule wa mlima ulioshukiwa na lava. Mpango wowote mpya utalazimika kutazama kwingine. Gisenyi ipo karibu, lakini kufunguliwa kwa mpaka ni uamuzi wa kisiasa. Boti za kwenda Minova na Bukavu kupitia Ziwa Kivu zipo pia, ila hofu iliyowatoa watu mjini mwaka 2021 ilihusu na ziwa hilo hilo, lenye kilomita za ujazo 300 hivi za gesi ya kaboni dioksidi na 60 za methani zilizoyeyuka kwenye kina chake.