Mikunjo ya Shingo: Sindano, Mashine na Krimu katika Mizani ya Sharia

SWALI:

Mimi ni mama wa miaka 55. In shaa Allah baada ya Idd nitamuozesha binti yangu wa mwisho. Shingo yangu imelegea, imeingia mikunjo, na kuna kamba mbili zinashuka kutoka kidevuni. Binti zangu wakubwa wamechangishana pesa ili nikapigwe sindano za kukaza shingo, na wamempata dada mmoja anayepita majumbani kuwapiga wanawake. Baba yao amekataa, anasema huko ni kubadilisha maumbile ya Allah. Wao wanasema hii ni dawa kama dawa nyengine, wala hakuna kisu. Nyumbani pamekuwa na maneno. Naomba mtufafanulie.

JIBU:

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Masahaba zake.

Tunamshukuru mama yetu kwa kuuliza kabla ya kufanya. Wanazuoni wanasema kulihukumu jambo hutanguliwa na kulielewa, na katika suala hili watu wengi wanahalalisha na kuharamisha kitu wasichokijua. Kwa hiyo tuanze na shingo yenyewe.

Ngozi ya shingo ni nyembamba kuliko ya shavu, na ina tezi chache za mafuta. Chini yake upo msuli mmoja mpana na mwembamba kama kitambaa, madaktari wanauita platisma, unaotoka juu ya kifua mpaka kwenye taya. Umri unapokwenda, mwili hupunguza kutengeneza kolajeni, yaani ile protini inayoishikilia ngozi, na kwa mwanamke upungufu huo huongeza kasi baada ya hedhi kukatika. Ngozi hulegea, kingo za msuli hujitokeza, na hizo ndizo kamba mbili anazozitaja mama yetu. Aliyepungua unene kwa ghafla huyaona haya mapema, na mvuta sigara vile vile. Jua nalo lina sehemu kubwa. Hapa kuna jambo wengi hawalifikirii: mwanamke aliyejisitiri kwa mtandio na buibui tangu usichana wake ameikinga shingo yake na jua kwa miaka arubaini. Mikunjo aliyonayo huyu, kwa kiasi kikubwa, ni umri tu.

Hata hivyo, si kila kinachobadilika shingoni ni uzee. Ngozi ya nyuma ya shingo ikiwa nyeusi na nene, ukiigusa kama mahameli, hasa kwa mtu mnene, mara nyingi ni ishara kwamba mwili hauitumii vizuri insulini na maradhi ya sukari yananyemelea. Wako wanaoisugua kwa dodoki na ndimu wakidhani ni uchafu, na wako mama wanaowagombeza watoto wao kwa ajili yake. Haitoki kwa kusugua. Mtu huyo anatakiwa akapime sukari. Uvimbe wa mbele unaopanda na kushuka mtu anapomeza huenda ukawa rovu, na uvimbe mgumu usioondoka, au sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa, hautaki saluni bali daktari.

Tuje kwenye hizo tiba zisizo na kisu.

Sindano ambayo watu wote huiita Botox ni sumu inayotengenezwa na bakteria, iliyopunguzwa mpaka kiwango kidogo mno. Huzuia neva isiuamrishe msuli, msuli ukalegea. Maana yake ni kwamba inaweza kupunguza zile kamba, lakini ngozi iliyolegea haiikazi. Marekani iliidhinishwa kwa mikunjo ya baina ya nyusi mwaka 2002, na kwa kamba za shingo mwaka 2024 tu. Kazi yake hudumu miezi mitatu au minne, kisha pesa zinatoka tena. Ikipigwa mahali pasipo pake au kwa kiwango kikubwa, hufika kwenye misuli ya kumezea, na mtu akashindwa kumeza vizuri au kuinua kichwa chake.

Dawa hii kwa kawaida huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Sasa mtu anayezunguka nayo mitaani ndani ya mkoba, jua la saa nane za mchana, ameihifadhi wapi? Na ameinunua kwa nani? Mwaka 2024 huko huko Marekani, pamoja na ukali wa sheria zao, wanawake 22 katika majimbo 11 waliripotiwa kudhurika kwa sindano za aina hii, za bandia au zilizopigwa ovyo, na 11 kati yao walilazwa hospitali. Walichomwa na watu wasio na leseni au wasiofunzwa, ama mahali pasipo pa tiba, kama vile majumbani na saluni. Mama yetu alisome hili mara mbili.

Ipo sindano nyengine, ya asidi ya deoksikoli, inayoyeyusha mafuta ya chini ya kidevu. Hii huleta uvimbe na ganzi, na ikiigusa neva ya taya mdomo huenda upande kwa muda. Kwa mwenye ngozi iliyokwisha kulegea mara nyingi haifai, kwa sababu mafuta yakiondoka ngozi huzidi kuning’inia. Vijazio vinavyodungwa kufukia mistari vina hatari ya kuingia ndani ya mshipa wa damu. Ngozi hufa mahali pale, na kwa waliodungwa usoni wapo waliopofuka. Nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi ili kuivuta huyeyuka zenyewe, na ngozi hurudi kule kule.

Kuna pia mashine, za mawimbi ya redio na za mawimbi ya sauti, ambazo hupeleka joto chini ya ngozi ili mwili utengeneze kolajeni mpya. Matokeo yake ni ya wastani, na huonekana baada ya miezi miwili mitatu, kwa hiyo anayewahi harusi ya mwezi ujao amechelewa. Leza inataka tahadhari zaidi kwa watu wa rangi zetu, weusi na maji ya kunde, kwa kuwa huweza kuacha madoa meusi yanayokaa miezi. Shingo hupona polepole kuliko uso, na mwenye ngozi inayoota makovu makubwa ajiepushe.

Zimebaki krimu. Ya kukinga jua ina faida ya hakika. Zenye asili ya vitamini A, kama tretinoini, husaidia kidogo kidogo kwa miezi, lakini huwasha ngozi ya shingo na hazifai kwa mjamzito. Ama mkorogo, huo ni balaa. Ndani yake huwa mna zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, na steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Mwanamke anajipaka ili aonekane kijana, na shingo inazeeka kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa hukumu.

Mzee aliyekataa hakusema kutoka hewani. Katika Suurat An-Nisaa, aya ya 119, Allah Ametutajia kwamba miongoni mwa ahadi za Shetani ni kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah. Na imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mas’ud laana juu ya wanaochanja, wanaonyoa nyusi na wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wakiyabadilisha maumbile ya Allah. Wanazuoni wameshika neno hilo, kwa ajili ya uzuri, wakatofautisha baina ya anayetafuta urembo na anayeondoa maradhi au aibu. Dalili yao ni kisa cha Arfajah bin As’ad, aliyekatwa pua vitani zama za Jahiliya. Akaweka pua ya fedha ikaoza, na Mtume (S.A.W) akamuamrisha aweke ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, lakini hapa palikuwa na dharura.

Kwa hiyo sindano ile ile huweza kuwa na hukumu mbili. Yuko mgonjwa ambaye shingo yake hukakamaa na kujipinda yenyewe kwa maumivu, na sindano ya sumu hii ni katika tiba zinazotambulika za maradhi yake. Huyo anajitibu, wala hapana ubaya. Aliyeungua moto shingo ikavutika, au aliyebaki na kovu baya baada ya ajali, naye anarejesha kilichoharibika.

Je, shingo ya mama wa miaka 55 ni maradhi? Katika Hadithi ya Usamah bin Shariyk, Mtume (S.A.W) aliruhusu watu kujitibu na akaeleza kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Na katika Suurat Ar-Ruum, aya ya 54, Allah Ametaja udhaifu wa utoto, kisha nguvu, kisha udhaifu na mvi, na kwamba Yeye Huumba Atakacho. Mikunjo ya umri si kasoro iliyoingia kwenye umbile, bali ni njia ya umbile lenyewe.

Suala hili limejadiliwa na wanazuoni kwa pamoja. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliamua kuwa haijuzu kuondoa mikunjo kwa upasuaji au kwa sindano isipokuwa ikiwa ni hali ya maradhi, na kwa sharti la kusalimika na madhara. Mwaka mmoja kabla yake Baraza la Fatwa la Malaysia lilikataza Botox kwa ajili ya urembo. Wapo wanazuoni wa zama hizi wanaoruhusu kwa masharti, wakisema athari yake ni ya muda na si umbile jipya. Tunaiheshimu kauli yao, lakini kauli ya Baraza ndiyo tunayoiona yenye nguvu, na kwa sindano za mama yetu ndiyo tunayoifuata.

Mashine za joto hazikutajwa katika maneno hayo ya upasuaji na sindano, na hatuthubutu kumkatia mtu kuwa ametenda haramu kwa kuzitumia. Tunaona kuziacha ni salama zaidi kwa dini na kwa mfuko. Krimu halali zisizo na madhara, mafuta, liwa, singo, hina, hayo ni mapambo na asili yake ni ruhusa. Uislamu haukumtaka mzee ajiache. Abu Quhafah, baba yake Abu Bakr, alipoletwa siku ya kufunguliwa Makka na nywele nyeupe pepe, Mtume (S.A.W) aliagiza zibadilishwe rangi na akakataza nyeusi.

Yapo mambo mengine ambayo hata mgonjwa wa kweli hana budi kuyaangalia. Aulize dawa imetengenezwa na nini: baadhi ya sindano hizi zina albumini, protini inayotokana na damu ya binadamu, na baadhi ya kolajeni za dukani asili yake ni nguruwe. Shingo ya mwanamke ni uchi mbele ya ajinabi, kwa hiyo atafute daktari mwanamke. Akikosekana, awe wa kiume kwa haja ya tiba tu, bila ya faragha ya wawili peke yao. Sindano haizuii udhu wala hailazimishi kuoga. Na asiyeolewa asitumie mambo haya kumficha mchumba umri wake, hiyo ni hadaa.

Binti zake tunawaambia: nia yenu ya kumfurahisha mama yenu ni wema, na Allah Awalipe. Pesa hizo hizo zinatosha kumpeleka akapimwe sukari, presha na tezi, na zikibaki mnunulieni kidani. Dhahabu ni halali kwa mwanamke, na shingo ndipo mahali pake. Baba yao naye, kwa kuwa ana haki katika alilolisema, alirudie kwa upole. Mke aliyezaa na kulea akaanza kuiona shingo yake kuwa aibu huenda hajasikia neno zuri nyumbani siku nyingi.

Dada anayepita majumbani asifunguliwe mlango kwa kazi hiyo, hata kwa wale wanaofuata kauli ya kuruhusu, kwani hata wao wameshurutisha usalama. Ikiwa yupo aliyekwisha kupigwa, atubu kwa Mola wake. Halazimiki kufanya kitu cha kuiondoa, itaisha yenyewe baada ya miezi. Lakini akianza kuona tabu ya kumeza, sauti kubadilika, kope kushuka, macho kuona viwili viwili au pumzi kuwa nzito, hata kama zimepita siku kadhaa, aende hospitali saa ile ile na aseme wazi alichodungwa, wala asifiche kwa haya.

Na Allah ndiye Ajuaye zaidi.