Kwa Nini Injini ya Mashine Inadondosha Oili?

Katika kijiji kimoja palikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Wanakijiji walichanga fedha wakainunua. Injini yake ilikuwa ya dizeli, yenye silinda moja, inayopozwa kwa upepo. Tangu mashine ifike, akina mama walipumzika kutwanga.

Siku moja mwendesha mashine aliona oili inadondoka. Ilitoka kwenye kibomba kidogo kilicho ubavuni mwa injini. Akaweka kopo chini yake. Kila jioni kopo lilikuwa na oili. Mwishowe alichoka. Akachukua gunzi la muhindi, akaziba kibomba kile. Oili ikaacha kudondoka. Watu wakamsifu.

Siku ya pili oili ilianza kutoka nyuma ya gurudumu zito la injini. Ilitoka kwa wingi, lakini mashine ilikuwa na watu wengi, hakuna aliyetazama. Kabla ya saa sita injini ilitoa mlio mkali, ikazima. Pistoni ilikuwa imenasa ndani ya silinda.

Mashine ilikaa miezi mitatu bila kufanya kazi. Akina mama walibeba madebe ya mahindi kichwani mpaka kijiji cha jirani.

Mwendesha mashine yule hakuwa mvivu. Hakujua tu kazi ya kibomba alichokiziba. Basi, tujifunze.

KAZI YA KIPUMULIO

Kibomba kile kinaitwa kipumulio. Kwa kipumulio injini hutoa pumzi.

Ndani ya silinda pistoni hupanda na kushuka. Juu ya pistoni dizeli huwaka. Chini ya pistoni kuna chumba chenye oili, ambamo krenki huzunguka. Pistoni inaposhuka, husukuma hewa iliyo chini yake. Pia moshi kidogo wa juu hupenya kandokando ya pistoni na kuingia chini. Hewa na moshi huo lazima vipate njia ya kutoka. Njia hiyo ni kipumulio.

Katika injini nyingi kipumulio kina kibati chembamba ndani yake. Kibati hicho hufunguka ili hewa itoke, kisha hujifunga ili hewa isirudi. Vipumulio vingi pia vina wavu wa waya. Wavu huo hunasa matone ya oili ili yarudi ndani ya injini.

Ukiziba kipumulio, hewa hukosa njia. Hujaa ndani na kusukuma. Mwishowe husukuma sili, yaani mpira unaozuia oili isitoke penye krenki. Sili ikitoka mahali pake, oili yote humwagika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika kijiji kile.

KWANZA, TAZAMA OILI INATOKA WAPI

Zima injini. Subiri ipoe. Ifute yote kwa kitambaa. Kisha iwashe na utazame. Usisogee karibu na mkanda. Usivae kanga au shati linaloning'inia.

Injini inayopozwa kwa upepo ina feni. Upepo wa feni huweza kupeperusha oili kutoka mahali pengine na kuipeleka kwenye kipumulio. Huenda nati za kifuniko cha juu zimelegea tu. Usikilaumu kipumulio kabla ya kuona kwa macho.

Unyevunyevu kidogo wa oili mdomoni mwa kipumulio si ugonjwa. Injini iliyofungwa ringi mpya nayo huweza kutoa oili kidogo siku za mwanzo. Lakini ikidondoka kila siku, tafuta sababu. Anza na sababu isiyo na gharama.

SABABU YA 1: OILI IMEZIDI

Oili ikizidi, krenki huipiga na kuirusha. Matone mengi huchukuliwa na hewa na kutoka nje.

Zima injini. Subiri dakika 10 hivi ili oili ishuke chini. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kisha kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipita alama ya juu, punguza. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kabla ya kuwasha.

Tazama pia kama injini imekaa sawasawa. Injini iliyoinama upande hudanganya kijiti.

SABABU YA 2: DIZELI IMEINGIA KWENYE OILI

Je, oili inapanda ingawa hukuongeza? Hiyo ni hatari. Injini haizai oili. Kuna kitu kinachoingia.

Nusa kijiti. Sugua oili kati ya vidole. Ikinuka dizeli na kuwa nyepesi kama maji, dizeli inavuja ndani. Oili ya namna hiyo hailindi vyuma. Usiendeshe mashine. Fundi atafute mahali panapovuja, kisha oili yote imwagwe na kuwekwa mpya.

SABABU YA 3: OILI IMECHANGANYIKA NA MAJI

Pengine matone yanafanana na chai ya maziwa. Injini ya kupozwa kwa maji huweza kuvujisha maji yake ndani. Lakini injini yetu hupozwa kwa upepo, haina maji hayo. Basi maji yametoka wapi?

Hewa ina unyevu, hasa wakati wa masika. Tena, dizeli inapowaka hutoa mvuke. Injini ikiwashwa kwa muda mfupi na kuzimwa kabla haijapata moto vizuri, mvuke hugeuka maji ndani yake. Mvua pia huweza kuingia kama paa linavuja. Badilisha oili, ziba paa, na kusanya mahindi ya wateja ili injini ifanye kazi kwa muda mrefu kidogo kila inapowashwa.

SABABU YA 4: KIPUMULIO CHENYEWE KIMECHAFUKA

Fungua kipumulio injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kikague kabla ya kukitoa, ujue kilivyokaa. Kioshe kwa mafuta ya taa, kisha kikauke. Wavu ukijaa uchafu, matone hayarudi ndani. Kibati kikiganda au kikivunjika, hewa haipiti kama inavyotakiwa.

Kama kipumulio chako kina kibati, chukua mrija safi upulize. Hewa ipite upande mmja tu, ule wa kutoka nje. Ikipita pande zote mbili, au isipopita kabisa, kibati kibadilishwe. Rudisha kipumulio kama kilivyokuwa. Ukikigeuza, taabu itaongezeka.

SABABU YA 5: RINGI ZIMELIKA

Ringi ni pete za chuma zinazovishwa pistoni. Huzuia moshi usishuke na oili isipande. Zikilika au kuganda, moshi mwingi hushuka chini. Hapo kipumulio hupuliza kwa nguvu na kutupa oili.

Dalili zake ni hizi:
– Kipumulio hutoa moshi mfululizo, si pumzi ndogondogo.
– Injini ni ngumu kuwaka asubuhi.
– Ukizungusha hendeli taratibu, injini haikazi kama zamani.
– Ekzosi hutoa moshi wa buluu.
– Mashine hupungua nguvu mahindi yanapokuwa mengi.

Ukiona dalili moja tu, usikate shauri upesi. Vali mbovu pia hufanya injini isikaze. Ukiona dalili kadhaa pamoja, mwite fundi afungue injini. Kazi hii ina gharama, kwa hiyo kijiji kijiandae mapema.

Ni nini kinachokula ringi? Mara nyingi ni vumbi. Mashine ya kusaga hukaa mahali penye vumbi la unga na pumba. Chujio la hewa likiwa chafu au limepasuka, vumbi huingia kwenye silinda na kusaga chuma. Vumbi hilo pia hujaa katikati ya mapezi ya silinda, pale upepo unapopita. Upepo ukikosa njia, injini hupata moto kupita kiasi. Oili huwa nyepesi, na ringi huganda. Basi safisha mapezi na chujio mara kwa mara.

DAFTARI LA OILI

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Elimu hiyo ni chombo cha kazi kama spana. Weka daftari kwenye nyumba ya mashine. Kila unapoongeza oili, andika tarehe, kiasi, na jina lako.

Tazama mfano huu wa mashine inayofanya kazi saa 30 kila juma:

Juma la 1: robo lita
Juma la 2: robo lita
Juma la 3: nusu lita
Juma la 4: lita 1

Kazi haikuongezeka, lakini oili imeongezeka mara nne. Daftari limetoa habari kabla injini haijafa. Asiyeandika hawezi kuona jambo hili.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Kijiji kile kilitengeneza injini yake. Kamati ilinunua daftari. Baada ya muda, kipumulio kilianza tena kudondosha oili. Mama mmoja wa kamati alifika kusaga.

"Baba, umesoma kijiti?" aliuliza.

"Nimesoma, mama. Oili imepita alama ya juu."

"Imezidije?"

"Jana jioni mwenzangu aliongeza, hakuandika. Leo asubuhi nami nikaongeza bila kupima."

"Basi leo hatutatafuta gunzi," alisema mama yule. Wote wakacheka.

Walipunguza oili mpaka kwenye alama. Matone yakakoma. Hawakutumia hata senti moja.

KUMBUKA
1. Usizibe kipumulio kamwe.
2. Pima oili kabla ya kuongeza.
3. Oili inayopanda yenyewe ni hatari. Zima injini.
4. Usirudishe kwenye injini oili iliyodondoka kwenye kopo. Ina uchafu.
5. Andika.

MASWALI
1. Kipumulio kina kazi gani?
2. Kwa nini sili ilitoka baada ya kipumulio kuzibwa?
3. Oili inayofanana na chai ya maziwa inaonyesha nini?
4. Katika mfano wa daftari, ziliongezwa lita ngapi kwa majuma manne?
5. Jadilini: katika mashine ya kijiji chenu, ni nani anayeandika oili inayoongezwa?