"Umeelewa?" Si Swali la Kutosha



Mzee mmoja wa upande wa Imenti, jirani wa parokia yetu, alipimwa katika kliniki fulani akapatikana na presha. Alipewa vidonge vya mwezi mmoja, akaambiwa, "Meza kimoja kila siku." Akameza vizuri, hata kimoja hakikupotea. Mwezi ulipoisha alimshukuru Mungu kwamba amepona, na hakurudi tena. Baada ya miezi michache aliamka mdomo umepinda, mkono na mguu wa upande mmoja hauna nguvu. Tulipomtembelea, mkewe alitoa pakiti tupu akatuambia, "Lakini dawa zote alimaliza!"

Basi kosa ni la nani? Mzee alifanya vile amekuwa akifanya kwa malaria: unamaliza dozi, unapona. Aliyempa dawa naye alisema kweli. Jambo moja tu halikusemwa, kwamba dawa ya presha haina mwisho kama ya malaria. Presha inatulizwa, na dawa zikiisha unarudi kuchukua zingine. Maneno hayo machache ndiyo yalikosekana, na mzee akaanguka.

Uelewa wa afya ni nini?

Ni uwezo wa mtu kupata habari za afya, kuzielewa na kuzitumia anapoamua jambo. Jina la somo hili lilianza kutumika Marekani mwaka 1974. Mwaka 2000 mtaalamu Don Nutbeam alieleza ngazi zake tatu. Ya kwanza ni kusoma na kufuata maagizo. Ya pili ni kuweza kuuliza na kujadiliana na mhudumu. Ya tatu ni kupima habari tunazoambiwa na kushirikiana kuondoa yale yanayoleta ugonjwa.

Kwa vitendo, jambo hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Kisha wakainuka wakachimba vyoo. Hawakuulizwa tu kama wamesikia.

Tukitaja elimu ya afya, mara nyingi tunamfikiria mgonjwa peke yake, kwamba ndiye hajui. Hiyo ni nusu ya mambo. Nusu nyingine ni yule anayeeleza. Huku kwetu vijana wengi wanasomea kazi za afya: wako KMTC Meru na Embu, shule za uuguzi za Nkubu, Maua na Chogoria, na Chuo Kikuu cha Methodisti. Mwanafunzi anaweza kukutajia mifupa yote 206 ya mtu mzima. Je, anaweza kumweleza shosho wa Siakago ugonjwa wa sukari, shosho akaenda nyumbani ameshika?

Mahali maneno yanapopotea

Namba. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Lakini aliyesoma hesabu kidogo anajua moja mara tatu ni tatu. Tumekutana na mama aliyemeza vitatu kwa mpigo asubuhi.

Saa. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza anasema, "Njoo saa nane," kumbe anataka saa mbili asubuhi. Mgonjwa anafika mchana na kukuta kliniki imefungwa. Kisha anaandikwa kwamba alikataa kuja.

Majina. Kitabuni, homa ni joto la mwili kupanda. Kwa wengi wetu homa ni mafua. Ukiuliza, "Mtoto ana homa?" mama atakujibu hapana, kwa sababu pua hazitoki, na mtoto anachomeka kama jiko.

Lugha. Kijana wa Kisii anatumwa Mbeere kwa mafunzo ya kazi. Mgonjwa hajui Kiswahili vizuri, kwa hivyo mjukuu wa miaka tisa anaitwa kutafsiri. Shosho atasemaje mambo ya tumbo la uzazi kupitia kwa mtoto? Atasema anaumwa na mgongo.

Heshima. Hili ndilo kubwa. Ukimuuliza mzee, "Umeelewa?" atajibu, "Ndiyo, daktari." Anaona kusema hapana ni kama kumwambia daktari hajui kazi, au kujitangaza mjinga mbele ya foleni.

Tunavyowafundisha wanafunzi

Sisi tuliosomea diploma ya ustawi wa jamii tulifundishwa kuongea na watu. Kusikiliza tulikuja kufundishwa na watu wenyewe. Wanafunzi wanapotutembelea kwa mafunzo ya nje, tunafuata mambo haya:

1. Wajue uchungu wa kutoelewa. Anayetoka mbali tunampa karatasi ya maagizo iliyoandikwa kwa Kimeru, tunamwambia aifuate mbele ya wenzake. Anatokwa jasho, wengine wanacheka. Baadaye tunamuuliza alijisikiaje.

2. Waache kuuliza "Umeelewa?" Badala yake waseme, "Shosho, nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utamwambia binti yako dawa hii unaimeza namna gani?" Mtihani sasa ni wa mwanafunzi. Shosho akikosea, mwanafunzi ndiye arudie kwa maneno mengine, bila kupaza sauti.

3. Waseme machache. Mambo matatu yanatosha kwa siku moja, na lile la kuokoa maisha litangulie.

4. Wafuate siku ya nyumbani. Si kila nyumba inafuata saa. "Kimoja ukimaliza kukamua asubuhi, kimoja chakula cha mchana, kimoja ukienda kulala" kunashikika kuliko 1x3.

5. Waonyeshe kwa mikono. Mtoto akiharisha na pakiti za ORS hazipo, mama apime mwenyewe mbele ya mwanafunzi: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari, ndiyo sababu hatutaki asikie tu.

Walimu wetu katika somo hili ni wazee wenyewe. Yule mzee wa Imenti sasa anatembea kwa bakora, na mara nyingine huja kukaa na wanafunzi. Huwauliza swali moja: "Dozi ya presha inaisha lini?"

Mwanafunzi mmoja alitulalamikia, "Foleni ni ndefu, wakati wa kuongea hakuna." Hatukumbishia, foleni ni ndefu kweli. Lakini kuuliza kwa njia hii kunahitaji dakika moja au mbili. Mke wa mzee alimwosha na kumlisha miezi mingi, majani chai yakikomaa shambani bila wa kuchuma. Wakati huo ulilipwa na yeye.

Tena jambo hili si hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa. Kueleza kusikoeleweka tutakuitaje kueleza?

Si madaktari peke yao

Mwanafunzi wa kilimo atamweleza mkulima siku za kungoja baada ya kupiga dawa kabla ya kuvuna. Mwalimu atawaandikia wazazi barua ya chanjo. Mwanasheria atasomea mtu fomu ya kukubali upasuaji. Wote wanahitaji somo hili. Hali kadhalika wahudumu wa afya ya jamii, karibu 100,000 nchini, waliozinduliwa Septemba 2023. Wanaingia nyumbani wakiwa na vyombo vya kupima presha na sukari. Kipimo bila maelezo ni namba tu.

Na sisi wagonjwa tuna sehemu yetu. Kabla ya kutoka kwa daktari tuulize: Nina ugonjwa gani? Nifanye nini? Dawa zikiisha, nirudi au nimemaliza? Kuuliza si ujinga, na wahenga walisema anayeuliza njia hapotei.

Ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Ni nani kati yetu aliwahi kusema "ndiyo, daktari" bila kuelewa? Ni nini kilimzuia kuuliza?

2. Katika jumuiya yetu ni nani anameza dawa za presha au sukari? Je, anajua afanye nini zikiisha? Tumtembelee wiki hii.

3. Watoto wetu wanaosomea kazi za afya wanarudi likizo. Tuwaalike watueleze ugonjwa mmoja kwa lugha ya nyumbani, kisha sisi tuwarudishie tulivyosikia.