Machela Nje ya Helikopta: Vita Vilivyoifundisha Tiba Kukimbia na Wakati

Mwishoni mwa Aprili 1944, ndege ndogo ya Marekani ilianguka nchini Burma, katika eneo lililoshikwa na majeshi ya Japani. Ndani yake walikuwamo rubani na majeruhi watatu wa jeshi la Uingereza. Mahali pale hapakuwa na uwanja ambamo ndege nyingine ingeweza kutua. Chombo pekee kilichoweza kuwafikia kilikuwa helikopta aina ya Sikorsky YR-4, mashine changa ambayo hata waliyoinunua hawakuwa na hakika ingefaa kwa kazi gani vitani.

Luteni Carter Harman aliiendesha hadi huko. Helikopta hiyo iliweza kubeba abiria mmoja tu, na katika hewa ya joto, ambayo ni nyepesi, mapanga yake yalipata shida kuinua hata uzito huo. Aliwachukua watu wawili, mmoja baada ya mwingine, akiwapeleka kwenye ukingo wa mchanga mtoni ambako ndege ndogo iliwapokea. Kisha injini ikazidiwa na joto. Wawili waliobaki walilazimika kungoja hadi siku ya pili. Wote wanne waliokolewa, na tukio hilo huhesabiwa kuwa la kwanza ambapo helikopta iliokoa majeruhi katika mapigano.

Katika nchi hiyohiyo na mwaka huohuo, askari wa Keya kutoka Afrika Mashariki walikuwa wakipigana katika bonde la Kabaw chini ya mvua za masika. Kwa majeruhi katika vita vile, njia ya kwenda kwa daktari kwa kawaida ilianzia mabegani mwa wenzao, wakipita katika matope. Kati ya machela ya mabegani na ile mashine ya abiria mmoja palikuwa na swali ambalo tiba ya dharura haijaacha kuliuliza: mgonjwa atamfikia mpasuaji baada ya muda gani, naye atakuwa katika hali gani?

Vita vya Korea vilijaribu kulijibu. Kuanzia mwaka 1951, jeshi la Marekani lilitumia kwa wingi helikopta aina ya Bell H-13. Kibanda chake kilikuwa kidogo mno kuweza kumlaza mtu, hivyo machela zilifungwa nje, moja kila upande, juu ya vyuma vya kutulia. Mafundi na wahudumu walibuni yaliyobaki: vifuniko vya kumkinga majeruhi na upepo, mabomba ya kumletea joto kutoka kwenye injini, na mpira wa kupitisha plazima kutoka kwenye chupa iliyokuwa ndani ya kibanda hadi mshipani mwake.

Hata hivyo, ubunifu huo haukuondoa udhaifu mmoja mkubwa. Majeruhi aliyelazwa nje hakuweza kuguswa na mtu yeyote chombo kikiwa angani. Akianza kutapika au bandeji ikilegea, rubani hakuwa na la kufanya. Kwa sababu hiyo, kazi ya uhai ilipaswa kukamilishwa ardhini: damu izuiwe, njia ya hewa iwe wazi, mfupa uliovunjika ufungwe gango. Ndipo safari ianze.

Miongoni mwa majeruhi wa Marekani waliofika hospitalini, vifo vilipungua kutoka takriban asilimia 4.5 katika Vita vya Pili vya Dunia hadi takriban asilimia 2.5 nchini Korea. Si haki kuipa helikopta sifa yote hiyo. Damu ya kuongezewa, viuavijasumu na hospitali za upasuaji zilizosogezwa karibu na uwanja wa mapigano vilifanya kazi pamoja nayo.

Hakuna aliyeuonyesha ushirikiano huo vizuri kuliko Valérie André, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyejifunza urubani. Desemba 1951 aliitwa kuwasaidia majeruhi wa Tu Vu, kaskazini mwa Vietnam. Helikopta iliyopatikana ilikuwa Saigon, tena katika matengenezo. Ilifunguliwa, ikasafirishwa hadi Hanoi ndani ya ndege kubwa, ikaunganishwa upya. André akairusha katika ukungu na risasi. Alipotua hakukimbilia kupakia. Aliwakagua majeruhi, akawapanga kwa uzito wa hali zao, akawapasua wale ambao wasingeweza kungoja, kisha akawasafirisha wawili wawili. Hadi mwaka 1953 alikuwa ametimiza safari 129 na kuwaondoa majeruhi 165.

Mafunzo hayo yaligusa pia ununuzi. Mwaka 1955 jeshi la Marekani lilichagua muundo wa kampuni ya Bell kwa helikopta mpya ambayo kuhamisha majeruhi kulikuwa miongoni mwa kazi zake za msingi. Ndiyo iliyokuja kujulikana duniani kwa jina la Huey. Sasa machela zilikaa ndani, na mhudumu aliweza kumtibu mgonjwa njiani. Lakini chombo kizuri hugombewa. Nchini Vietnam, Huey ilibeba askari, risasi na bunduki, na makamanda wengine walitaka hata zile za wagonjwa zipewe kazi nyingine. Meja Charles Kelly, aliyeongoza kikosi cha helikopta za majeruhi, alipinga kwa maneno na kwa mfano wake. Tarehe 1 Julai 1964 aliambiwa aondoke eneo lililokuwa likishambuliwa. Akajibu kwamba angeondoka akishawapata majeruhi. Risasi ikamuua hapo hapo.

Muuguzi wa zahanati iliyo mbali na hospitali ya wilaya huenda asiione helikopta maishani mwake. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua na kijana aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda wako katika hali ileile ya majeruhi wa Korea: watakaa njiani muda ambao msaada utakuwa mdogo. Kwao, maandalizi kabla ya safari ni tiba. Jamaa wa mgonjwa naye anaweza kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi, bila kuachia, hadi msaada ufike. Na hospitali ipigiwe simu mapema, ili damu na chumba cha upasuaji viwe tayari.

Wanaoidhinisha ununuzi wa magari ya wagonjwa nao wana lao la kujifunza. Injini ya Harman ilizidiwa na joto. Helikopta ya André ilikuwa kwa mafundi. Gari lisilo na mafuta, fundi, wala mhudumu aliyefunzwa halimfikishi mgonjwa. Na lililonunuliwa kwa ajili ya wagonjwa linahitaji mtu wa kulilinda, ili saa ya dharura likutwe likiwangoja wao.